Nyuma ya Namba Nane

Mimi nafua jezi za timu ya taifa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nafanya kazi uwanja wa taifa, hudhani nauza tiketi, au najuana na wachezaji kiasi cha kumwombea mtu nafasi. Sijuani na mtu. Chumba changu kiko chini ya jukwaa la mashariki. Kina mashine mbili za kufulia, na moja hutetemeka mpaka inahama mahali pake, inabidi niisukume kwa kiuno irudi. Kina kamba saba za kuanikia, meza ya pasi na cherehani ya miguu. Dirisha lipo, linatazama ukuta. Nina miaka kumi na tisa humo ndani, na bado kuna wakubwa wanaopita mlangoni wakiniita "wewe wa maji".

Namba za jezi nazishona kwa mkono. Zile za kubandika kwa moto hubanduka ukifua mara tatu, na mchezaji akitoka uwanjani nane yake imeliwa nusu, anayetukanwa ni mimi, si kiwanda. Kwa hiyo nashona, uzi mara mbili, mshono mfupi mfupi. Na mfuaji yeyote anayeijua kazi, akipokea jezi huigeuza ndani nje kwanza, halafu hupitisha kidole gumba pembeni mwa namba kutafuta uzi uliolegea. Akiukuta, hufumua na kushona upya kabla ya kutia maji. Hilo halifundishwi shule. Mkono wenyewe unakwenda. Nalieleza mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Watu walimwita Mapafu, maana alikuwa akishika sauti moja kwenye tarumbeta mpaka wasikilizaji wanaanza kutazamana. Alikuwa mpigaji wa kikundi cha sanaa cha taifa. Kwenye mkono wa kushoto ana kovu la pasi, nililomtia mimi akiwa na miaka minne nami kumi na mbili, nikiwa nimeambiwa nimwangalie. Mama alinichapa, na Mapafu ndiye aliyelia.

Mwaka ule wizara ilituma kikundi ng'ambo ya mto, kwa jirani zetu. Wiki ya utamaduni, waliiita. Watu kumi na mmoja, waimbaji, wacheza ngoma na wapigaji, wamevaa sare nilizozishona mimi. Wimbo na ngoma, tuliambiwa, vitaondoa ubaridi uliokuwapo kuhusu daraja na maji. Siku ya nne wakubwa wakatukanana redioni, daraja likafungwa, na wale kumi na mmoja wakachukuliwa hotelini na mavazi yao ya jukwaani. Wakaitwa majasusi. Mdogo wangu jasusi, mtu ambaye hakuweza kukumbuka alikoweka soksi zake mwenyewe.

Alimwacha mke na mtoto wa kike wa miezi minane. Wifi yangu ni mwalimu wa watoto wa chekechea, mwanamke mpole, mkavu wa machozi. Hakupiga kelele hata siku moja. Alichofanya ni kufua mashati ya mumewe. Kila mwisho wa mwezi aliyatoa sandukuni yote sita, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha. Mimi ninayefua kwa kazi nilimwambia shati lisilovaliwa halichafuki. Akaniambia, "Wifi, nguo yako ufue wewe, yangu niachie." 

Miaka sita ikapita hivyo. Ndipo yakaja mambo ya mpira.

Aliyeyaleta chumbani kwangu alikuwa ofisa wa wizara tuliyemwita Bwana Itifaki. Ni mtu mwembamba, viatu vinang'aa, na kila anachosema hukisema mara mbili kana kwamba anakariri. Alisimama mlangoni kwa sababu sakafu yangu ina maji.

"Tutacheza nao mechi mbili za kirafiki," alisema. "Moja kwao, moja kwetu. Za kirafiki kabisa. Mpira utafungua mlango, mama. Baada ya mechi ya pili, watu wetu wanarudi."

 Nikashika ukingo wa mashine.

"Wote?" nilimuuliza.

Akatazama viatu vyake. Wale jirani, alisema, walikuwa wameleta majina ya watu wanaowashikilia. Majina kumi. Kuhusu mpiga tarumbeta walijibu kwamba hawamjui, hawana mtu wa namna hiyo.

"Walichukuliwa pamoja, kwenye hoteli moja," nilisema.

"Najua, mama. Tunalifuatilia. Tunalifuatilia kwa njia zetu."

Njia zao nazijua. Niliomba nisafiri na timu, maana mtu wa vifaa husafiri, ni haki yangu. Nilitaka nifike, nimtafute mtu yeyote wa chini kama mimi, mpishi, mfagiaji, dereva, nimuulize kwa mdomo wangu. Kwenye orodha ya safari nikakuta nafasi ya mtu wa vifaa kapewa shemeji wa mkubwa mmoja, bwana asiyejua hata jezi inafuliwa kwa maji gani. Nilipolalamika nikaambiwa safari hii ni ya kidiplomasia.

Basi nikapiga moyo konde. Nikasema nisipofika mimi, jezi zitafika. Na jezi za mechi ya kirafiki hubadilishwa mwisho wa mchezo, kila mtu na mwenzake mbele ya kamera. Jezi zetu zitabaki kwao. Na kwao, kama kwetu, lazima yupo mwanamke chini ya jukwaa fulani, ana ndoo na sindano.

Nilikata kipande cha kitambaa cheupe, upana wa vidole vitatu. Nikachukua kalamu ya wino usiotoka, ile ninayoandikia soksi, nikaandika herufi ndogo ndogo: *Dada unayefua, mimi ni mfuaji mwenzako wa upande wa pili. Mdogo wangu mpiga tarumbeta alichukuliwa kwenu na kikundi cha sanaa. Ni mrefu, ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Wanasema hayupo. Nijulishe kama yu hai. Mkija kwetu, weka jibu nyuma ya namba nane. Nakuomba kama ndugu.*

Nikakitia nyuma ya namba nane ya jezi yetu, nikashona juu yake. Pembeni, kwa chini, nikaulegeza uzi kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kushona vibaya kwa kukusudia, na nilijisikia vibaya kama ninayeiba. Mtu wa kawaida asingeona chochote. Mfuaji angeshika mara moja.

Mchezaji wa namba nane tulimwita Nane tu, hata nje ya uwanja. Kijana mtani. Nilimkabidhi jezi yake mkononi, si kwenye kapu na za wenzake.

"Ubadilishane na namba nane wao," nilimwambia. "Si saba, si kumi. Nane kwa nane. Na wakija huku unibadilishie tena, uniletee jezi yake hapa."

"Mama, umeanza kunitafutia mchumba ng'ambo?"

"Nane kwa nane. Ukinisahau nitakunyima taulo mwaka mzima."

Alicheka. Sikumwambia sababu, ili asije akawa na kitu cha kuulizwa.

Mechi ya kwanza niliitazama kwa wifi, mchana wa Jumapili, mimi, yeye na binti yao, ambaye sasa alikuwa na miaka sita na alikuwa akimjua baba yake kwa picha. Wifi alitazama kila uso wa jukwaani kila kamera ilipopita. Nami nilitazama mgongo wa Nane. Ikaisha sare, bao moja kwa bao moja. Baadaye Nane aliniambia hiyo sare walikubaliana wakubwa kabla ya ndege kuruka, na yeye alikatazwa kufunga la pili hata mpira ukimgonga kichwani kwa bahati mbaya. Mwisho wa mchezo alivua jezi, akampa namba nane wao, yule bwana akaitupia begani na kupungia watu mkono. Nikaona nane yangu inaingia kwenye mlango wa chini ya jukwaa lao. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Unalia nini?" wifi aliniuliza.

"Silii. Ni moshi wa jikoni."

Jikoni hapakuwa na moto. Sikumwambia habari ya kitambaa. Nilitaka nimwendee na jibu, nisimpe kitu kingine cha kungojea.

Nilingoja miezi mitatu. Siku za mwanzo niliwaza yule mwanamke ameshakipata. Namwona anafumua, anasoma, anakificha kwenye sidiria, anauliza huku na kule polepole. Nilimpa sura, nikampa na mguu unaouma kama wangu. Baadaye nikaanza kumwonea wasiwasi asije akakamatwa. Nilimwombea kila siku, mtu nisiyemjua.

Wakaja. Uwanja ukajaa, bendera mbili, bendi, watoto wameshika maua. Sare tena, mbili kwa mbili, kuonyesha maendeleo. Filimbi ya mwisho ilipolia nikasikia watu juu ya kichwa changu wanaimba, jukwaa linatikisika. Nane alikuja mbio hadi chumbani, kifua wazi, akanirushia jezi ya namba nane yao.

"Deni limekwisha, mama."

Nilifunga mlango kwa komeo. Nikaigeuza ndani nje. Nikapitisha kidole gumba pembeni mwa namba, uzi wote ulikuwa umekaza. Mshono wa yule mwanamke ulikuwa mzuri kuliko wangu, naapa, mfupi na sawa kama wa mashine, na hilo nalo lilinikera. Nikafumua. Nikajichoma kidole, nikaendelea. Nikaitoa namba yote. Hapakuwa na kitu. Nikafumua na namba ya kifuani. Nikapasua pindo la chini, nikapasua ukosi, jezi ya watu nikaifanya matambara, na ndani yake mlikuwa na jasho la mchezaji tu.

Niliketi sakafuni kwenye maji. Mwanamke mwenye mkono kama ule hawezi kuacha uzi uliolegea. Kwa hiyo alikipata kitambaa. Alikipata, akauliza, akaambiwa, na jibu lilikuwa la namna ambayo mtu hawezi kumshonea mwenzake kwenye jezi. Au alikipata akakitupa. Vyovyote vile, mdogo wangu hakuwapo tena. Ndivyo nilivyoamua siku ile, peke yangu, kwa ushahidi wa uzi.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Itifaki na jalada. Safari hii aliingia mpaka ndani, na viatu vyake. Nyuma yake alikuwa mama mzazi wa mcheza ngoma wa kile kikundi, bibi mzito wa pumzi. Nilimpindulia ndoo akaketi.

"Wenzetu wako tayari kuwaachia kumi," alisema Bwana Itifaki. "Tayari kabisa. Ila kwenye madai yetu bado kuna jina la kumi na moja, na wao wanasema jina hilo ni tusi, ni kama tunawaita waongo. Hawasaini mpaka litoke. Litatoka kwa hati ya familia tu. Kwamba familia imekubali kuwa ndugu yao ni marehemu. Mke, au ndugu wa damu."

"Nenda kwa mke wake."

"Nimetoka huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango."

Yule bibi hakusema neno. Alikuwa anatazama mikono yangu tu. Angeniomba, ningemfokea, nina ulimi mimi. Lakini aliketi juu ya ndoo yangu, mkoba magotini, akitazama mikono yangu.

Nilitia saini kwenye meza ya pasi. Kalamu yangu ile ile. Nilijiambia natia saini jambo ambalo tayari nalijua. Nilijiambia watu kumi hawawezi kuozea gerezani kwa ajili ya maiti, na kwamba Mapafu mwenyewe angesema, dada, waachie waende. Bibi alinishika kiganja akakibusu, nikauondoa mkono upesi. Nikamwomba Bwana Itifaki asimwambie wifi. Aliniahidi. Ahadi hiyo, nikiri, aliitimiza.

Kumi wakarudi baada ya wiki tatu. Waliletwa uwanjani, kila mmoja akavishwa jezi ya taifa mbele ya watu, jezi kumi nilizozipiga pasi mimi. Hotuba zilikuwa nyingi. Mpira umefanya yaliyoshindikana kwa bunduki, walisema, na watu wakapiga makofi, na kusema kweli walikuwa na haki ya kupiga makofi. Wale watu walikuwa wamekonda, lakini walikuwa nyumbani. Wifi alikuja na binti yake. Alisimama mpaka wa kumi alipovishwa, akangoja kidogo zaidi, halafu akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Siku nne baadaye yule mcheza ngoma, mtoto wa yule bibi, alinifuata chumbani. Mguu mmoja alikuwa anauburuta. Alifunga mlango mwenyewe.

"Mama, wewe ndiye dada yake Mapafu," alisema. "Tumetia saini tusiseme, lakini hili siwezi kulilalia. Mapafu nimemwacha mzima."

Nilikuwa na pasi mkononi. Nikaiweka chini.

Alinieleza akiwa amesimama. Mkuu wa gereza alikuwa na bendi yake ya askari, ya sherehe na mazishi, na hakuwa na mpiga tarumbeta wa maana. Alipomsikia Mapafu akamtenga na wenzake, akamfuta kwenye vitabu, ili asije akadaiwa na mtu. Ndiyo maana walisema hawamjui. Siku ya kuondoka, kumi wakapangwa uani kungoja basi, na bendi ikaletwa kuwaaga, kwa ajili ya kamera. Mapafu akiwemo, tarumbeta kwapani. Akatoka kwenye mstari. Akasema kwa sauti, mimi ni wa kumi na moja.

"Ofisa wetu alikuwepo," mcheza ngoma alisema. "Yule mwembamba, wa viatu. Akafungua jalada, akasoma. Akasema, huyu kwetu ni marehemu, ndugu yake ametia saini. Mkuu wa gereza akacheka. Akamwambia Mapafu, basi, marehemu, rudi kwenye mstari upige."

"Akafanya nini?"

"Alirudi. Akapiga, mama. Alitupigia mpaka basi likatoka getini. Ile sauti yake moja, aliishika, tukawa bado tunaisikia barabarani." Akajifuta pua kwa mkono wa jezi mpya. "Nani alitia saini?" Kumbe mama yake hakumwambia.

"Sijui," nilisema.

"Mwambie mke wake. Mimi siwezi kumtazama usoni."

Nilimwitikia kwamba nitamwambia.

Siku hiyo hiyo nilikwenda wizarani na kandambili zangu za kazini. Bwana Itifaki hakukana. Nilitegemea akane, ningemrukia. Alinipa kiti.

"Injini ya basi ilikuwa imeshawashwa, mama. Watu kumi ndani yake. Ningesema huyu yupo, ningekuwa nimewaita wenyeji wetu waongo mbele ya kamera zao. Wasingetoka hata hao kumi. Na mkononi nina hati yenye saini yako. Wewe ndiye uliyenifunga mikono."

"Naifuta. Nipe hiyo karatasi niifute."

"Ukiifuta leo, kesho watauliza tumejuaje. Watajua tuna masikio ndani ya gereza lao. Hapo atakuwa jasusi kweli. Unajua wanachomfanya jasusi?" Aliinamisha kichwa. "Ngoja urafiki ukomae. Ukikomaa, mambo kama haya huulizwa polepole, kwa upole."

Nilirudi kufua. Nilikaa kimya kwa kumwogopea Mapafu, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kimya hicho kilinifaa, maana wifi hakujua. Nilikwenda kwake kila Jumapili, nikala, nikamsaidia binti hesabu zake, na kila mwisho wa mwezi nikayaona mashati sita kwenye kamba. Na hasira zangu zote nikazimalizia kwa yule mwanamke wa ng'ambo. Nilimchukia mno. Nikishona namba nilikuwa namtukana kimoyomoyo, kwamba neno moja tu, "yupo", lingetosha, na mkono mzuri kama ule anao wa nini.

Urafiki ukakomaa kweli. Timu za vijana zilikwenda na kurudi, wachoraji walikwenda, wanakwaya walikwenda. Kila nilipomkumbusha Bwana Itifaki, alisema huu si wakati, kuna ziara. Mwaka wa nne wakaandaa maonyesho makubwa ya udugu, hapo hapo uwanjani, picha na vikombe na bendera, na mawaziri wa pande zote mbili wangekata utepe.

Siku tatu kabla ya ufunguzi Bwana Itifaki aliteremka kwangu amebeba kitu kimefungwa kwenye blanketi, akakilaza juu ya meza ya pasi kama mtoto mchanga.

"Kioo chake kimepasuka njiani," alisema. "Hii ni heshima kubwa, mama. Ni jezi yetu ya mechi ya kwanza kabisa. Namba nane wao hakwenda nayo hata nyumbani. Alimkabidhi waziri wao pale pale uwanjani, ikatiwa kwenye fremu siku ile ile, imetundikwa ukumbini kwao miaka minne. Sasa tazama, ina tope. Isafishe, kesho kutwa inarudi kwenye kioo kipya. Taratibu sana."

Akaondoka.

Niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuigusa. Nyasi zilikuwa zimekaukia kwenye kiwiko. Jasho lilikuwa limefanya chumvi kwapani. Nikaigeuza ndani nje, nikapitisha kidole gumba pembeni mwa namba, na pale chini, kwenye kona, kidole kikaukuta uzi wangu umelegea vile vile nilivyouacha.

Nikafumua. Kitambaa kilikuwa hapo. Wino haukutoka hata kidogo.

Jezi haikufuliwa. Miaka yote mimi sikuwaza kwamba jezi inaweza kuvuliwa na mtu akaacha kuifua. Ningekuwa mpishi, au mfagiaji, huenda ningewaza kwamba kitu cha sherehe hutundikwa. Lakini mimi najua jezi inakwenda wapi ikishavuliwa. Inakuja kwangu. Yule mwanamke hakupewa kitu. Hakukisoma, hakukitupa, hakuuliza mtu, hakunyamaza. Nilimtukana miaka minne bure, na kabla ya hapo nilimzika mdogo wangu kwa kimya cha mtu ambaye hakuulizwa.

Niliifua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo. Nikaianika. Ilipokauka nikaishona namba upya, uzi mara mbili, mshono mfupi mfupi, bila kulegeza mahali. Kitambaa sikukirudisha. Kikiwa kwenye kioo nani angekifua?

Jumapili nilikwenda kwa wifi. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Alikuwa anakunja mashati kitandani, manne yamekwisha, mawili bado. Binti alikuwa sebuleni na madaftari yake. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikampa kile kitambaa.

Alikisoma mara mbili.

"Uliandika lini?"

"Kabla ya mechi ya kwanza. Wiki hii ndiyo kimenirudia. Hakuna aliyekisoma."

"Hukuniambia."

"Nilitaka nikuletee jibu."  "Wifi, ile hati ya kwamba amekufa niliitia saini mimi."

Hakuinua uso. Alichukua shati la tano, akalifunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja.

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana."

"Sasa je?"

"Sijui sasa. Siku ya basi alikuwa hai. Alikuwepo pale. Alijitokeza, wakamsomea saini yangu. Wakamrudisha kwenye bendi akawapigia wenzake tarumbeta wakiondoka."

"Umejua lini?"

"Walipofika tu. Miaka minne."

Alikunja mikono ya shati kwa nyuma, akalikunja katikati, akaliweka juu ya menzake. Vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi sawasawa kabisa. Nilitamani anipige.

"Alipiga wimbo gani?" aliuliza.

 Miaka yote hiyo nilikuwa na ile habari peke yangu, nililala nayo, nilifua nayo, na wimbo sikuwahi kuuliza.

"Sijui," nilisema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama anavyomtikisia mtoto wa chekechea aliyekosea jibu rahisi. Akachukua shati la sita.

"Hiki kitambaa nitakaa nacho," alisema. "Ukitoka ufunge mlango, binti asisikie."

Niliufunga. Sebuleni binti aliinua macho kwenye daftari. Ana miaka kumi na moja sasa, ana mikono mirefu ya baba yake.

"Shangazi, unaondoka? Hatujala."

"Nina jezi nimeloweka," nilimwambia.

Sikuwa nimeloweka kitu.